Kihariri Kipya na Kadi za Ijumaa

Jumapili, 18 Februari 2567

Pui amefika kutoka Bangkok kumwona mama yake, dada yangu Bunnak. Hata maji hajanywa, ameshafungua kompyuta yangu.

"Mjomba, hiki kihariri chako cha kuandikia programu kinafaa kupelekwa makumbusho."

Makumbusho! Humo ndimo nilimoandika programu ya miadi ya kliniki ya figo. Siku tatu, vidole viwili, umeme ukikatika mara kumi na saba. Mwaka wa tatu huu inafanya kazi, na haijawahi kupiga chafya. Mimi niliyeacha shule darasa la sita! Nimejifunza nyuma ya duka la kutengeneza televisheni, kwa kitabu kisicho na jalada.

Basi kaniwekea kipya. Toleo la majaribio, anasema — halijatoka rasmi, wanapewa wachache walionje kwanza na kutaja kasoro zake. Kwa maneno mengine mimi ndiye panya wao.

Kina mambo mapya, akayahesabu kwa vidole. Kinamalizia sentensi unazoanza. Kinawasha taa ndogo ya njano pembeni mwa mstari kikiutilia shaka. Na kina kalenda ya kusogeza, unaona programu yako itafanya nini wiki ijayo kabla wiki haijafika.

Nikamwambia kihariri ni daftari la fundi. Daftari halina maoni.

Akacheka. Huyu mtoto ana cheko la mtu anayejua mshahara wake.


Jumatatu, 19 Februari 2567

Kinanisoma mawazo!

Nimeandika "kama mgonjwa" — kabla sijapumua kimeongeza kwa kijivu, "hajafika, mpigie simu." Ndivyo nilivyotaka kuandika! Neno kwa neno. Nani amekiambia?

Nimebandika plasta kwenye jicho la kamera. Nimemfuata Pui jikoni.

"Kimesoma mistari yako ya zamani tu, Mjomba."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yako. Ulibonyeza Nakubali."

"Mimi sikukubali. Nilibonyeza."

Dada Bunnak alikuwa anamumunya kipande chake cha barafu — hiyo ndiyo sehemu yake ya maji mpaka mchana, maskini, figo zake hazifanyi kazi. Akamwambia Pui asinichoshe, nimeshatengeneza kompyuta ya ofisi ya wilaya nikiwa nimefumba macho. Kweli. (Jicho moja lilikuwa na vumbi. Lakini ni kweli.)


Jumatano, 21 Februari 2567

Leo taa ya njano imewaka. Mstari wa 212, pale programu inapohesabu siku za mwezi.

Nimebonyeza. Kimeandika kwa Kithai — Kithai safi, cha adabu, kama msichana wa benki anayetaka kukuuzia bima. Hapo hapo nikakitilia shaka. Kimelelewa na nani mpaka kijue kusema "samahani"?

Kinasema: samahani, mwaka 2567 haugawanyiki kwa nne, kwa hiyo programu inauhesabu kuwa mfupi, Februari siku ishirini na nane. Je, huu ni mwaka wa Kibuddha? Ungependa nipunguze 543 kwanza?

Nipunguze! Miaka mia tano arobaini na tatu ya Buddha, ipunguzwe na daftari!

Najua wageni wako nyuma yetu. Wao wanaita huu 2024. Wabaki huko huko. Nimeona walivyoanza — kwanza wanakumalizia sentensi, kisha wanakubadilishia mwaka, mwisho wanakuambia baba yako alikuwa nani.

Pui alichungulia begani. "Mjomba, subiri, hiki kitu kina hoja. Mwezi huu una tarehe ishirini na—"

"Unataka kazi yangu? Sema tu unataka kazi yangu."

Kaenda kumkanda mama yake miguu. Nimeizima ile taa. Kuna kitufe. Kimeniuliza, "Una uhakika?" Nikabonyeza ndiyo mara mbili, kikome.


Alhamisi, 22 Februari 2567

Kliniki. Dada kawekwa kwenye mashine ya nne ya kusafisha damu. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, watu tisa, mashine tisa. Wote wana kadi zangu za miadi mkononi, zile zinazochapwa na programu.

Hakuna jipya. Kihariri kimya. Kimya cha namna hiyo sikipendi.


Jumamosi, 24 Februari 2567

Makha Bucha, sikukuu yetu ya Kibuddha. Tumezunguka hekalu na mishumaa mara tatu. Kliniki haikufunga — figo hazijui sikukuu — ila walianza mapema ili watu wawahi.

Baada ya mzunguko tukakaa na mzee Intha, yeye wa mashine ya tisa, anayeishi kule mlimani. Pui akaanza kunieleza tena habari za mwaka mrefu, mbele za watu! Nikamkatisha. Nikawaambia namna nilivyoijaribu programu yangu: niliitupa kompyuta kwenye shamba la mpunga, nikaikuta jioni inaendelea kuhesabu na chura amekaa juu yake. Watu walicheka mpaka wakaogopa mtawa asije.

Mzee Intha akasema, "Samruai, mimi kadi yako ikiniambia nije na ndoo kichwani, nakuja na ndoo."

Nilimtazama Pui. Hakucheka.


Jumatatu, 26 Februari 2567

Pui kaondoka na basi la asubuhi. Leo ni mapumziko ya kufidia sikukuu iliyoangukia Jumamosi, kwa hiyo stendi imejaa. Akiwa mlangoni kwa basi akanishika mkono. Si kawaida yake.

"Mjomba, washa ile taa. Usinisikilize mimi. Isikilize taa."

Nikamwambia nitaona. Kuona si kuwasha.


Jumanne, 27 Februari 2567

Muuguzi Rabiab kanipigia saa sita. Sauti ya mtu anayeangalia karatasi.

"Mjomba Samruai, kadi za leo zinasema warudi Ijumaa, tarehe moja Machi. Si Alhamisi?"

Hapo moyo ulinidunda kidogo. Kidogo tu.

Nikamuuliza, jana ilikuwa nini? Akasema mapumziko. Basi! Mapumziko yamesukuma siku moja. Programu inajua sikukuu zote.

"Kumbe inajua na sikukuu?"

"Inajua mpaka siku yako ya kuzaliwa."

Akacheka, akasema asante, Mjomba. Akawagawia wagonjwa kadi zao.

Nimekaa nafikiri. Sikumbuki kuifundisha sikukuu. Lakini mtu aliyeandika mistari elfu tatu hawezi kukumbuka kila mmoja. Huenda niliifundisha. Ningeshangaa kama sikuifundisha.

Au ni kile kihariri. Kimeingiza mkono wake humo usiku mimi nimelala. Nakishuku sana.

Mzee Intha leo alichomolewa kwenye mashine kabla ya wakati. Misuli ya miguu ilimkaza, akapiga kelele, akakataa kuendelea. Dada ndiye kaniambia.


Jumatano, 28 Februari 2567

Nimekifuta! Kihariri kipya, toleo la majaribio, pamoja na taa zake na kijivu chake. Nimerudisha cha zamani. Nimefungua orodha ya Alhamisi.

Hakuna Alhamisi. Kesho, kwa mujibu wa programu yangu, ni tarehe moja Machi.

Basi cha zamani nacho kimeambukizwa.

Dada Bunnak viatu vimemkataa leo. Amevaa ndala zangu. Nimemuuliza anajisikiaje, akasema anajisikia kama mfuko wa maji wa sokoni, ule wanaowekea samaki. Akacheka. Akaomba barafu ya pili, nikamnyima, akaninunia.

Saa kumi Pui kapiga.

"Mama ananiambia anarudi Ijumaa. Mjomba, kesho ni tarehe ishirini na tisa."

"Najua kalenda."

"Umeiwasha ile taa?"

"Nimeiwasha."

"Umesogeza kalenda? Umeona inavyoruka?"

"Nimekagua kila kitu. Hakuna kinachoruka. Daktari ndiye aliyesogeza siku, mambo ya mapumziko."

Akasema, "Sawa, Mjomba. Ukishakagua wewe, sawa."

Hajawahi kunijibu hivyo. Kila mara ana neno la mwisho. Leo kaniamini, na chai imenishinda kunywa.


Alhamisi, 29 Februari 2567

Naandika hapa hapa kliniki, kwenye benchi, kati ya simu na simu.

Saa moja asubuhi Rabiab kapiga. Hakusema habari za asubuhi. "Daktari amefika, mashine zimewashwa, hakuna mgonjwa hata mmoja. Daktari anasema yeye hajasogeza siku yoyote. Mjomba, nani amesogeza?"

Nilikirudisha kile kihariri. Ndiyo, mimi mwenyewe. Kilikuja chote kama kilivyokuwa, hakikununa. Nikawasha taa. Nikasogeza kalenda kwa kidole: ishirini na saba. Ishirini na nane. Moja. Nikairudisha nyuma, nikasogeza tena, polepole, kama mtu anayemvizia mwizi. Ishirini na nane. Moja.

Kumbe ilikuwa hivyo tangu siku niliyoiandika. Mwaka wetu haugawanyiki kwa nne, wa wageni unagawanyika, na dunia inaongeza siku kwa kufuata wao. Kila fundi wa nchi hii analijua hilo, nadhani. Sasa na mimi.

Nilimbeba dada, nikamleta wa kwanza. Hakuuliza kitu njiani. Alipolazwa tu akasema, "Kadi yako ilisema Ijumaa." Nikamwambia kumetokea hitilafu ya setilaiti. Akafumba macho. Sijui aliamini au alichoka.

Kisha simu. Bibi Saengla — nilimwambia setilaiti. Mwalimu Chamnan — nilimwambia wageni wameivamia programu yangu usiku, nikapigana nao, wakaiba siku moja tu. Akasema pole. Wengine watano vivyo hivyo, kila mmoja na hadithi yake, kwa haraka, sikuwa na muda wa kuzipamba. Wamekuja. Wengine na nguo za kulalia. Wananiangalia kwa shukrani, jambo ambalo ni baya kuliko kutukanwa.

Amebaki mzee Intha.

Rabiab kampigia kwanza. Mzee kamkatia. Matapeli wa simu siku hizi wana sauti za kike, tamu, na wote wanajua jina lako. Nikampigia mimi.

"Mzee Intha, ni Samruai. Njoo kliniki sasa hivi. Kadi ile—"

"Kadi inasema Ijumaa."

"Najua inavyosema. Nimeiandika mimi!"

"Wewe tapeli, jana mwenzako alisema mimi nina kifurushi cha madawa ya kulevya posta. Leo kliniki?"

"Ni Samruai! Husikii sauti?"

"Sauti wanaziiga siku hizi, kwa kompyuta. Samruai mwenyewe ndiye aliyenieleza."

Nilimweleza, ndiyo. Nilimwambia mimi ndiye niliyegundua.

Rabiab alikuwa amesimama nyuma yangu. Alininong'oneza: Jumanne mzee alitoka na maji mengi mwilini, moyo wake si wa kuaminika, hawezi kungoja mpaka kesho. Nikasema kwenye simu, mzee, niulize lolote.

Akafikiri. Namsikia anavuta pumzi, pumzi fupi fupi, kama mtu aliyepanda ngazi. Akasema, "Kama wewe ni Samruai, sema kitu ambacho Samruai angesema."

Hadithi zilinijia zote kwa mkupuo. Kisha nikamwangalia Rabiab, ambaye Jumanne aliniuliza na nikamjibu. Nikasema, "Kadi ina kosa. Kosa ni langu. Niliambiwa wiki nzima, na sikutaka kusikia."

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Umejiumbua! Hata kuigiza hujui!" Akakata.

Nimepiga mara sita. Haipokelewi.

Dada Bunnak kule kwenye mashine ya nne amefumbua macho, ananitazama. Amesikia.

Saa nne kasorobo. Mashine ya tisa inanguruma peke yake. Rabiab kanipa funguo za pikipiki yake. Mpaka kwa mzee ni kilomita ishirini na mbili za kupanda, na geti lake lina mbwa watatu.

Nikifika nikisema kweli, hafungui. Nikimwambia daktari kanituma, serikali imesogeza siku, programu yangu imegundua mapema — anafungua, anapanda nyuma, tunashuka wote. Na kesho mlima mzima utakuwa unasema kadi ya Samruai haikosei.