Ukuta wa Ushorobani

Kenton, London
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na Mama anaendelea na dawa zake za presha. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna. Bibi Pushpa wa duka la chini, yule mzaliwa wa Arusha, anakusalimu. Bado ananidai ndizi za kwetu kana kwamba mimi ndiye nimezificha.

Baba, wiki hii kazini nimechefukwa. Unajua shirika letu linatetea mbwa mwitu wa Ulaya, wale wakubwa wenye manyoya mazito. Waliuawa karibu waishe, na sasa wanarudi wenyewe, nchi baada ya nchi. Tunaomba waachiwe ushoroba, yaani njia ya kupita kutoka msitu hadi msitu. Basi mfadhili wetu mmoja, mama mwenye lulu shingoni, alitokwa na machozi kwa ajili ya simba wa Tanzania. Tulipomwambia wapo wanaotaka mbwa mwitu warudishwe hata Scotland, ambako ana nyumba ya mapumziko, machozi yakakauka. "Warudi," akasema, "lakini si upande wangu. Nina farasi." Kisha akachukua keki nyingine. Nilitoka nje nisije nikamtapikia.

Nickson amenitumia kwenye simu picha za ukuta wa kiwanja ulichonipatia. Mzuri mno! Nimewaonyesha watu wote ofisini. Ila hicho kilima cha nyuma kama nakijua. Kiwanja kiko wapi hasa?

Mwanao,
Haika


Nyumbani
3 Machi 2025

Haika mwanangu,

Marahaba. Goti halijapoa, Mama yuko vizuri. Mwambie Bibi Pushpa ndizi zipo, aje mwenyewe azichukue. Na huyo mama wa lulu mwache na farasi wake, usigombane na watu wanaokulipa.

Kiwanja kiko tambarare, chini ya kile kilima mlikokuwa mkiteleza utotoni. Ndiyo, palepale kwenye ushoroba wa wanyama wa kwetu. Usishtuke. Mwenyekiti wa kamati ya ushoroba ni mimi, nani atanihoji? Unajua mila zetu. Kihamba, shamba letu la ukoo, nilishamkabidhi mdogo wako Nickson mbele ya ukoo, yeye ndiye kitindamimba. Mtoto wa kike hapewi hata mgomba. Nilikuwa silali nikifikiri utarudi kwenye nini, na siku ukifa utalazwa wapi. Sasa una kwako.

Mbwa mwitu wa huku nao wameanza kurudi, walikuwa hawajaonekana tangu enzi za babu yako. Lakini hao wana miguu, watazunguka.

Baba yako


Kenton, London
24 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Mimi mwili haujambo.

Barua yako nimeisomea ofisini na nimeona haya mpaka masikio. Si wewe uliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wasijenge pale? Jirani yetu Mama Griffins alihamisha zizi lake la mbuzi kwa sababu wewe ulimwomba. Sasa anapita kila siku anautazama ukuta wa binti wa mwenyekiti! Inanitia kinyaa, Baba, sina neno la adabu zaidi ya hilo. Najitia kinyaa na mimi, maana ukuta ule niliupenda, na bado naupenda.

Tafadhali ubomoe kabla wanyama hawajatafuta njia nyingine.

Mwanao,
Haika


Nyumbani
30 Juni 2025

Haika,

Marahaba. Kinyaa! Mtu humwandikia baba yake neno hilo? Mama alinishauri ningoje hasira iishe. Haijaisha, ila kuna habari ni afadhali uzisikie kwangu.

Mbwa mwitu walikuja wakaukuta ukuta. Wakaufuata mpaka mwisho wake, wakatokea kwa Mama Griffins, kulekule nilikomhamishia, wakala mbuzi. Naye akatia sumu kwenye mzoga wa mbuzi, wakarudi kuula. Mwanangu, nimechinja maisha yangu yote, lakini kitu kile sijawahi kukiona. Kundi zima limelala, ndimi nje, matapishi, nzi, na tai waliokuja kula wakafia juu yao. Harufu imeingia hadi kwenye blanketi langu. Mama Griffins alinitazama, akatema mate chini, akaingia ndani.

Amebaki jike mmoja. Watoto wake wako shimoni upande huu, mawindo yako ng'ambo. Kila jioni anafika ukutani, ananusa, anarudi. Njaa ikizidi ataingia zizini, na sumu bado ipo.

Lakini nikibomoa, wewe utarudi wapi? Ukuta unabaki.

Baba yako


Kenton, London
14 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Mniwie radhi wewe na Mama kwa neno lile la Machi. Haya ya leo sitayaombea radhi.

Nimetapika kweli, kwenye choo cha ofisi. Bomoa. Usiweke geti, usitoboe tundu, bomoa wote. Unadhani nitalalaje ndani ya nyumba hiyo? Nikifa wanizike hukuhuku kwenye mvua, na watu nisiowajua. Sikitaki kiwanja hicho, Baba. Sikitaki!

Mwanao,
Haika


Nyumbani
2 Septemba 2025

Haika mwanangu,

Marahaba. Mama analia tangu nilipomsomea barua yako. Heri nisingemsomea.

Ukuta umekwisha. Nilianza peke yangu na nyundo, goti likagoma, nikakaa juu ya matofali. Mama Griffins akaja na sururu. Hakunisalimu. Alibomoa upande wake, nami wangu, na tulipofika katikati akaondoka. Uenyekiti nao umekwenda. Wanakijiji walinivua mkutanoni.

Jike hakuuamini uwazi ule mara moja. Juzi alfajiri ndiyo amepita na watoto wake, wamekonda, wana upele, wananuka. Nilisimama nikawatazama mpaka wakapotea.

Lile neno la kuzikwa huko limenichoma. Nilikwenda kwa Nickson nikamwomba akuachie migomba ya upande wa mfereji, penye kutosha nyumba ndogo na kaburi. Akacheka, akasema wewe unayo London. Jana nilikwenda tena, akafunga mlango. Kesho nakwenda na Mama.

Baba yako