Bunduki ya Ishirini

Ridgway, Pennsylvania
14 Agosti 1997

Dada Rosella,

Salamu kutoka kwetu milimani. Sisi ni wazima, ila goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Vipi wewe na upepo wa ziwani? Msalimie shemeji Merle.

Najua barua yangu itakushtua. Miaka kumi na sita tumeandikiana kadi za Krismasi tu, tena jina peke yake chini. Nina shida, na mwenye dawa ni wewe.

Mwezi uliopita jirani yangu aliibiwa bunduki zote. Alikuwa na bima ya nyumba, akadhani ana bima ya bunduki. Kumbe bima ya nyumba, bunduki zikiibiwa, inalipa dola elfu mbili basi, ziwe tatu au thelathini. Nilikwenda kusoma hati yangu mwenyewe: ni vilevile. Zile alizoniachia Baba hazina hata robo ya ulinzi zinaostahili.

Nimeulizia bima ya bunduki peke yake. Wa kwanza aliniambia mafuriko hayamo. Mto ukiwa nyuma ya nyumba! Wa pili alitaka kila bunduki ikaguliwe na mthamini kutoka Pittsburgh. Sasa nimempata bibi mmoja hapa mjini, Doreen, anayeuza bima ya wawindaji. Inalipa wizi, moto, mafuriko, hata ukiiangusha ziwani kwa uzembe wako. Lakini anataka orodha: aina, namba, picha, na ilipatikana wapi.

Lile daftari la Baba la bunduki unalo wewe. Tafadhali ninakilie. Ziko kumi na tisa. Zingekuwa ishirini, lakini hayo unayajua.

Mdogo wako,
Clem

*

Erie
29 Agosti 1997

Mdogo wangu Clem,

Nimepokea salamu. Tu wazima. Merle amestaafu na sasa ananifundisha kupika, mimi niliyempikia miaka thelathini na nne. Pole kwa goti. Binti yako Janelle hajambo? Bado anavaa miwani minene, au siku hizi ana vile vioo vya kubandika jichoni?

Nilisoma barua yako nikaiweka chini ya boksi la mkate siku tatu. Ile "hayo unayajua" ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Hujabadilika. Unabisha hodi na fimbo mkononi.

Lakini daftari nililifungua, kwa ajili ya Baba. Clem, ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Baba aliacha shule darasa la tano na aliona aibu na mwandiko wake, kwa hiyo mwandishi nilikuwa mimi. Jumapili baada ya misa anatandika magazeti mezani, anafungua kila bunduki vipande vipande, jiko lote linanuka mafuta ya kusafishia. Mama anafungua dirisha kwa hasira, theluji inaingia. Baba anasoma namba na mimi naandika na ulimi nje. Halafu ananiambia, "Andika na habari yake. Namba ni ya serikali, habari ni yetu."

Basi nakunakilia zote. Hizi tatu tu nakuwekea hapa, zilizobaki ziko kwenye karatasi za ndani.

"Ya nne. Ya Babu. Kitako kimepasuka alipomkimbia dubu, ingawa yeye husema dubu ndiye aliyekimbia."

"Ya tisa. Ya Mama. Kulungu mmoja, risasi moja, mwaka 1951. Alisema inatosha, hakurudi tena msituni."

"Ya kumi na tatu. Ya Clem, ametimiza miaka kumi na miwili. Amelala nayo."

Na ya ishirini nimeinakili pia, uipende usiipende. Mitutu miwili, kware wamechongwa pembeni. "Hii ndiyo nzuri kuliko zote. Sijui kwa nini mtu kama mimi ninayo."

Namba nne zimelowa kahawa, hazisomeki. Samahani.

Dada yako,
Rosella

*

Ridgway
8 Septemba 1997

Dada Rosella,

Asante, asante tena. Nimesoma karatasi zako jikoni kwa sauti, na mke wangu akacheka mpaka akakaa. Janelle hajambo, anafundisha darasa la pili na miwani ni ileile.

Nilikuwa nimesahau dirisha la Mama. Nilikuwa nimesahau hata harufu. Jana nilimimina mafuta kidogo kwenye kitambaa, nikanusa, nikawa tena na miaka minane.

Kuhusu ile fimbo, umesema kweli, sikupaswa kuiandika. Lakini dada, nami nina mwiba wangu. Baba alipolazwa, ufunguo wa kabati alimpa Merle. Wiki tatu alikaa nao. Tulipomzika Baba nilifungua kabati, nafasi ya ile bunduki ya ishirini ni tupu, na mwezi uleule Merle ana gari jipya. Ungekuwa wewe ungewaza nini?

Tuyaache. Doreen anasema kwa zile namba nne niende dukani kwa Haney, Baba alikonunua. Maduka ya bunduki yanatakiwa kisheria kutunza vitabu vya kila silaha inayoingia na kutoka. Nitakwenda Jumamosi, kisha nikuandikie.

Mdogo wako,
Clem

*

Ridgway
2 Novemba 1997

Dada yangu Rosella,

Natumai mko salama wote wawili. Mimi mwili mzima, moyo sivyo.

Nilisema nitakuandikia baada ya Jumamosi ile. Zimepita wiki saba. Barua hii nimeianza mara nyingi na jiko la kuni limekula zote.

Nilikwenda kwa Haney. Mzee mwenyewe alishafariki, duka analo binti yake. Alinishushia vitabu kutoka juu ya rafu, vina vumbi kama unga. Namba tatu tulizipata upesi. Kutafuta ya nne ikabidi tufungue kitabu cha 1978, na kidole cha yule binti kikasimama.

"Huyu si mzee wenu? Lakini hapa hakununua. Hapa ameuza."

Nikasema, "Haiwezekani."

Akakigeuza kitabu nikione. Mitutu miwili, kware pembeni, namba ileile uliyoninakilia. Jina la muuzaji: Alphonse Hasselman. Na pembeni sahihi yake, zile herufi kubwa za kupinda kama uzio mbovu. Tarehe 19 Agosti. Mwezi uliofuata ikanunuliwa na mtu wa Ohio.

Nilimuuliza tena, kijinga, kama ana hakika. Akaniambia kwa upole, "Bwana, haya ni maandishi ya baba yako au siyo?"

Nikaketi kwenye gari mbele ya duka. 19 Agosti 1978. Rosella, tarehe 23 ndiyo siku waliyomtoa Janelle ule uvimbe nyuma ya jicho, kule Pittsburgh. Alikuwa na miaka minne. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimenisimamisha kazi na bima ya matibabu ikaenda na kazi. Baba alikuja na bahasha akasema, "Chama cha wafanyakazi kimekuchangia." Niliwaandikia chama barua ya shukrani! Hawakunijibu, nikawaona wana majivuno.

Tangu siku ile kila nikiuliza bunduki iko wapi, alisema iko kwa fundi. Miaka mitatu kwa fundi, nami nikaamini, na alipolazwa nikadhani imesharudi kabatini.

Na siku ya maziko, kwenye ukumbi wa kituo cha zimamoto tulikoandaa chakula, watu wana sahani mikononi, nilisimama nikasema kwa sauti, "Mwulizeni Merle, ndiye mwenye ufunguo."

Sijui niandike nini tena. Msomee Merle barua hii. Kama hataki kusikia, nitaelewa.

Ndugu yako,
Clem

*

Erie
10 Novemba 1997

Clem,

Leo sikusalimu kwa kirefu. Tu wazima.

Nilimsomea. Alikuwa anamenya viazi. Aliosha mikono, akaenda gereji, na nikasikia anapanga misumari kwenye makopo, mikubwa kwa mikubwa, midogo kwa midogo. Saa nzima.

Nilikuwa na hasira ya kukuandikia kurasa kumi. Halafu nikakumbuka jambo ambalo sijamwambia mtu. Majira ya baridi baada ya maziko, Merle akiwa kazini, niliipekua gereji ile yote. Nilipanda mpaka darini na tochi. Sikuipata, na bado sikuridhika. Niligombana na wewe miaka kumi na sita kwa kumtetea mtu ambaye mimi mwenyewe nilimshuku.

Jana nilimwambia. Akasema, "Najua. Uliiacha ngazi upande usio wake."

Tangu jana sijui nimtazame vipi. Amesema atakuandikia mwenyewe.

Rosella

*

Erie
13 Novemba 1997

Shemeji Clement,

Hujambo. Mimi si mwandishi.

Baba yenu nilimpeleka mimi kwa Haney. Macho yake hayakuwa tena ya kuendesha gari. Njia nzima aliishika ile bunduki magotini, imefungwa blanketi. Kurudi aliniambia, "Clem asijue. Ataona aibu kila akimtazama mtoto." Nikamwahidi.

Ukumbini siku ile nilifungua kinywa nikujibu. Nikamwona Janelle amekaa na miwani yake, anakula keki, anahesabu zabibu. Nikakifunga. Baadaye ilikuwa kiburi tu, nakiri. Nilisema atakayetaka kuniamini ataniamini bila ushahidi. Hakutokea hata mmoja, na mke wangu akiwemo. Hilo ndilo lililoniuma, si wewe.

Umeomba radhi vizuri kwa karatasi. Lakini hukunitukana kwa karatasi. Uliniita mwizi mbele ya watu arobaini. Wengi wamekufa hivyo hivyo, wakiamini. Nimekaa na Rosella tumewahesabu waliobaki. Ni kumi na mmoja. Majina nimeyaandika nyuma.

Nenda kwao mmoja mmoja. Ukimaliza, niandikie.

Shemeji yako,
Merle

*

Ridgway
26 Novemba 1997

Shemeji Merle,

Nakusalimu kwa heshima, na dada yangu pia. Theluji imeanza. Hati ya bima imekuja, bunduki kumi na tisa kila moja na jina lake, na Doreen amezibandika habari za Baba zote nyuma yake. Anasema hajawahi kuona orodha inayochekesha.

Nimewafikia wote kumi na mmoja.

Wanne walinikaribisha kahawa. Padri alisikiliza, akaniuliza kama ninataka kuungama. Nikamwambia ndicho ninachofanya. Mama Gerber alinifungia mlango, akaufungua, akasema, "Ilikuchukua muda!" akaufunga tena. Janelle alikuja nami siku mbili za mwisho. Nilimweleza yote. Alilia ndani ya gari, kisha akavua miwani, akaifuta, akasema, "Twende kwa anayefuata."

Wa mwisho alikuwa mzee Leo Fritz, yuko nyumba ya wazee, kiziwi kama gogo. Nilimwambia mara ya kwanza hakusikia. Mara ya pili akadhani nauza kitu. Basi nikasimama katikati ya ukumbi wao wa chakula nikapiga kelele: "MERLE HAKUIBA! NILIMSINGIZIA MIMI!" Wauguzi wakatoka vyumbani. Wazee wote wakaacha vijiko.

Mzee Fritz akasema, "Merle? Yule ambaye risasi yake haigusi hata ukuta wa ghala akiwa ndani yake? Aibe bunduki aifanyie nini?"

Ukumbi mzima ulicheka, shemeji. Nami nilicheka, nikiwa nimesimama pale machozi yananitoka.

Nimekamilisha. Nasubiri neno lako.

Shemeji yako,
Clem