Herufi Tatu za Kushoto

Tarehe 4 Februari

Mpendwa baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba lile bega ulilogonga mlangoni limepoa. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inanitafuta.

Barua yako imefika. Mwambie mama asante kwa kuipiga picha na kunitumia. Lakini baba, siku hizi unaanzia katikati ya karatasi. Upande wa kushoto wote mweupe. Umeshinda karatasi kwenye bahati nasibu?

Sasa kuna kazi. Unajua chama chetu kinawaunganisha wagonjwa wa uvimbe wa ubongo wa nchi nyingi, na mimi ndiye niliyekabidhiwa Kiswahili. Aprili tuna wiki ya kuwazindua watu, dunia nzima kwa pamoja. Kila lugha itatundika bango moja la kitambaa mtaani kwao, na picha yake ionyeshwe huku kwenye mkutano. Nikajigamba kwamba la Kiswahili litachorwa na baba yangu, fundi wa mabango. Nimeandika hivi: "Zingatia dalili za uvimbe wa ubongo." Unaionaje?

Binti yako akupendaye

*

Tarehe 21 Februari

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Sisi hatujambo, binti yangu. Kichwa changu kinapenda kuamka kabla yangu na kuniuma, nikishanywa chai kinanyamaza. Uzee huo, usihangaike nao.

"Zingatia dalili" ni maneno ya ofisini. Mtu mwenye ndoo kichwani hasimami kuzingatia. Na huo uvimbe, watu wakiusikia wanajipapasa paji la uso kutafuta nundu, wakiikosa wanaenda zao. Bango liseme na mpita njia. Mimi nimeandika USIKIPUUZE KICHWA KINACHOUMA KILA SIKU, halafu chini, kwa herufi ndogo, habari za uvimbe na kuwahi hospitali. Kitambaa nimekitandaza uani, mama yako akanishikia kamba, chaki nimemaliza leo. Rangi itafuata nikipata nafasi.

Mama yako amenuna. Anadai nadharau mapishi yake kwa kuwa nabakiza nusu ya sahani. Mimi najua namaliza. Nikiitazama sahani ni tupu. Anatafuta ugomvi tu, na wewe usimsaidie.

Karatasi naianza mwanzoni, kama nilivyofundishwa. Simu zenu ndizo zinakata picha.

Baba yako, Fundi Herufi

*

Tarehe 16 Aprili

Mpendwa baba,

Shikamoo. Hali yako? Nauliza kweli, si kwa mazoea ya barua.

Picha ya bango niliipata asubuhi ya mkutano. Niliitazama, na kwa kuwa sentensi naijua, nikasoma ninachokijua. Ikaonyeshwa ukutani mbele ya watu wa kila pembe. Muuguzi mmoja anayejua Kiswahili akaangua kicheko. Ndipo nikaisoma upya. KIPUUZE KICHWA KINACHOUMA KILA SIKU. Baba, USI haina rangi. Ipo pale kushoto, chaki tupu, na kwenye mistari ya chini pia maneno ya mwanzo yote ni chaki.

Nilicheka na mimi, nikasema fundi alikatizwa na mvua. Lakini kulikuwa na mgonjwa wetu mmoja, mwalimu mstaafu, mwanamke aliyewahi kupasuliwa kichwa. Hajui Kiswahili hata neno. Alisimama muda mrefu akiitazama ile chaki, akaja kuniuliza pembeni: "Aliyechora hili, akila anabakiza upande upi wa sahani?"

Nikakumbuka bega, mlango, karatasi zako, kichwa cha asubuhi, na mama aliyenuna. Nakuomba uende hospitali wakupige picha ya kichwa. Usisubiri nikushawishi.

Binti yako

*

Tarehe 18 Aprili

Binti yangu,

Marahaba.

Nachora mabango tangu hujazaliwa. USI ipo. Nilisimama mbele ya kitambaa nikaisoma. Mtaa umecheka, basi mtaa hauoni vizuri. Nimelishusha, liko uani. Nimekwenda kwa fundi wa miwani, kasema macho yote mawili mazima kuliko ya kwake. Sasa unataka nipimwe nini tena?

Nyinyi watu wa chama mkiamka mnatafuta mgonjwa. Mimi usinitie kwenye vipeperushi vyako. Na usipige simu kila saa, nimechoka kusema sijambo.

Baba yako

*

Tarehe 19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sitapiga simu. Naomba kitu kimoja, na ukikuta nimekosea, sitataja hospitali mpaka nami nizeeke.

Ukila, ukaona sahani imekuwa tupu, usiinuke. Mwambie mama aizungushe taratibu, upande wa kushoto uje kulia. Halafu itazame tena.

Naogopa, baba. Kutwa nawaandikia watu nisiowajua kwamba wawahi, nikifika kwako maneno yananiishia.

Binti yako

*

Tarehe 20 Aprili

Mama yangu,

Marahaba. Tumefanya.

Nilikula nikamaliza. Mama yako akazungusha sahani, na wali ukatokea. Nusu sahani nzima, na kipande cha samaki juu yake. Nikamwambia airudishe kama ilivyokuwa. Akairudisha, nikautafuta wali nisiuone. Mama yako hakunicheka wala hakusema, "Nilikwambia." Alilia tu, huku ameishika ile sahani.

Kisha akanishika mkono tukaenda uani, akaweka kidole changu juu ya kitambaa. Nikazifuata herufi kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. U, S, I.

Nimeogopa, mama. Sina namna nyingine ya kulisema. Kesho tunakwenda hospitali. Na kwenye kipeperushi chako ongeza hili la sahani, watu watalielewa upesi kuliko hizo dalili zako.

Baba yako

*

Tarehe 25 Mei

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, siku hizi analala na mkono wake juu yangu kama nitaibiwa.

Foleni ya ile mashine ya picha za kichwa ilikuwa ndefu, ndiyo maana nilikuwa kimya. Picha imetoka. Upande wa kulia, juu ya sikio kuelekea nyuma, kuna kitu kama limau. Daktari amenieleza kwamba ubongo wa kulia ndio unaotazama kushoto. Na mimi miaka yote nilidhani kila upande unajitazama wenyewe.

Atanipasua mwezi ujao. Hakunificha kitu. Mkono wa kushoto unaweza kulegea, na kuona kushoto kunaweza kutorudi. Kinyama watakachokitoa kitapimwa, hapo ndipo tutajua kama ni kibaya au la.

Jirani mwenye duka la rangi alikuja kunimalizia USI. Nimemkatalia. Nikitoka salama nitaipaka mwenyewe. Nisipotoka, ipake wewe. Rangi iko chini ya benchi, ikoroge vizuri kwanza.

Baba yako

*

Tarehe 3 Juni

Mpendwa baba,

Shikamoo. Sijambo, ingawa nikikwambia nalala nitakuwa nakudanganya.

Nimeomba ruhusa kazini, wamenipa. Nafika Jumatano, kabla hawajakuingiza chumba cha upasuaji. Utakapozinduka nitakuwa nimekaa upande wako wa kushoto. Usiponiona usishtuke, nitakuwa naongea tu ili ujue nipo.

Rangi usinielekeze ilipo. Sitaki kujua.

Binti yako

*

Tarehe 9 Julai

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Tangu uondoke nyumba imepoa, hakuna wa kuniongelesha kushoto. Mama yako anajaribu, lakini yeye akianza kuongea hanyamazi, sauti inanifikia pande zote.

Majibu ya kinyama bado. Daktari anasema wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo anaisema kila nikienda. Mlango ukigongwa nainuka upesi nikidhani ndiyo yamefika. Mkono umelegea kidogo, kikombe naweza kukishika kama hakijajaa.

Mama yako amenichorea mstari mwekundu pembeni mwa karatasi hii. Nikimaliza kuandika mstari mmoja, nautafuta kwanza ule mwekundu ndipo nianze mwingine. Tazama picha uniambie kweli, nimeanzia mwanzoni?

Jana walinitandazia kitambaa uani, mama yako akanielekeza mkono, nikapaka U. Kwa hiyo sasa bango linasema UKIPUUZE KICHWA. Bado nampoteza mpita njia, ila sasa nampoteza kwa adabu. Nilitaka kuendelea, mama yako akaninyang'anya brashi, akasema nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka.

Nikainuka kuingia ndani. Pale mlangoni niligeuka, nikaiona S kule kushoto, ikiwa chaki bado. Hakuna aliyenionyesha.

Baba yako, Fundi Herufi