Gunia la Nguo za Ayuma

Mama,

Jana tuligawana nguo zako. Senge, dada yake Baba, alikaa mkekani pale sebuleni, akawa anatoa moja moja na kuita jina la mtu. Kitenge cha kwaya kilimwendea dada yako wa Matungu. Sweta ya kijani aliichukua Mama Shikuku, jirani yako wa kibanda cha sokoni, akaivaa papo hapo juu ya nguo zake na kuondoka nayo hivyo. Mimi nilipewa leso na viatu vyako vya kanisani. Nimechoka, Mama. Tangu nishuke kwenye ndege nimechoka, na hata nikilala naamka nimechoka vilevile.

Unakumbuka nilipofika Japani, kwenye ile nyumba ya wazee. Msimamizi alinipa suruali ya sare, kubwa kuliko zote walizokuwa nazo, ikakwama mapajani. Akaniletea ya wanaume. Hiyo ilipita makalio, lakini kiunoni ikabaki wazi na miguu ikaburuta sakafuni. Nikaikunja chini, nikaifunga kamba juu, nikaanza kuogesha wazee. Nilipokuonyesha kwenye simu ulicheka mpaka ukakohoa. "Kwani huko watu wote wamechongwa kama penseli?" ukaniuliza. "Jipime na kamba, uniambie."

Uliuza mitumba sokoni Kakamega tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Nimekua nikivaa nguo za watu wa ng'ambo, na hakuna hata moja uliyoniletea ikakataa mwili wangu. Nikafika ng'ambo kwenyewe, nikakosa nguo. Siku za mapumziko nilizunguka madukani. Wauzaji wa kule wana adabu nyingi. Waliniona mlangoni, wakaja haraka, wakainama, kisha wakapitanisha mikono kifuani kama msalaba uliolala. Maana yake, hakuna nguo ya kukutosha. Hata sijashika kitu. Siku moja mama mmoja aliomba anipime nyonga, akaita wenzake waje waone. Hawakuwa na ubaya, walishangaa tu. Lakini nilitoka pale nikakaa kwenye kituo cha treni, treni zikaja zikaenda, nikiwa sitaki mtu mwingine aniangalie.

Kisha kifurushi chako kikaja na yule msichana wa kwetu aliyesoma chuo cha Sigalagala, alipokuja Japani kufanya kazi. Suruali nyeusi zenye lastiki kiunoni, na rinda la maua. Zilinikaa. Siku ile nilifanya kazi mpaka jioni nikiwa nimesahau kabisa kwamba nina makalio.

Nadhani ni baada ya hapo nilianza kupungua. Kuinua wazee kutwa nzima, na kula peke yangu, nimesimama, vyakula ambavyo ulimi wangu haukuvizoea. Suruali zako zikalegea. Kwenye simu wewe uliona uso tu, na uso huu mpana ni wa babu, haukondi hata njaa ikiingia.

Ulipolazwa hospitali ya Mukumu niliomba ruhusa. Nikaambiwa ningoje mwenzangu arudi kutoka likizo. Nikangoja. Senge alipopiga simu nilikuwa namlisha mzee uji. Akasema, "Ayuma, mama ametuacha." Nikamaliza kumlisha yule mzee, nikamfuta mdomo. Sijui kwa nini nilimaliza kwanza.

Nilitaka nguo nyeusi ya kukuzikia. Nikarudi madukani. Nyama imepungua, lakini mifupa ya nyonga ni yako, hiyo haipungui. Wakapitanisha mikono. Nikapanda ndege na suruali ya kazi.

Nilipoingia hapa nyumbani wanawake wote jikoni waligeuka kuniangalia. Senge akanishika bega, akapapasa kama anayechagua kuku sokoni. "Nani amemkausha mtoto wetu hivi?" akauliza.

Asubuhi ya mazishi Mama Shikuku alikuja na gunia, akalitua chumbani kwako. Alisema hilo gunia limekaa chini ya meza ya kibanda miaka yote niliyokuwa mbali. Kila beli ya mitumba ilipofunguliwa ulipekua kwanza wewe, kabla ya wateja kuinama. Ulipoona nguo ya kunifaa uliitupa nyuma. Wateja walikubembeleza, hasa wale walimu wanene, na wewe ukawaambia, "Hiyo ni ya Ayuma. Usiguse."

Magauni, Mama. Suruali. Koti la baridi lenye manyoya shingoni. Mama Shikuku alitoa gauni jeusi la mikono mirefu, zuri, kitambaa kizito. Nikalivaa. Likaning'inia kama limetundikwa msumarini. Nilijiona kwenye kioo chako cha ukutani, na nyuma yangu nikawaona Senge na Mama Shikuku wakiangaliana.

Wakatafuta pini. Senge akavuta kitambaa mgongoni, Mama Shikuku akawa anabana. Akasema polepole, pini nyingine akiwa ameishika kwa meno, "Alikuwanga anakupima na macho tu. Na macho yake yalibaki na ile Ayuma aliyosindikiza."

Hapo ndipo nililia. Mochari sikulia, na jeneza lilipofika nyumbani sikulia. Nililia nikiwa nimesimama wima, mikono mbali na mwili ili pini zisinichome, na wale mama wawili wakaendelea na kazi yao bila kunibembeleza. Nilishukuru kwa hilo. Kaburini nilipoinama kutupa udongo, pini moja ilinichoma. Niliiacha.

Tangu siku hiyo Senge ananisimamia nile. Ananisongea obusuma, ananichinjia ingokho, kuku wa hapa uani, anachemsha mboga ya mrenda, na anakaa mbele yangu mpaka sahani iwe tupu. Kaka anasema nirudi Japani haraka, kazi kama ile haipatikani kila siku. Senge anasema nisiende popote. Jana, nguo zilipokwisha kugawanywa, niliwaambia wote wawili nilichoamua. Nitarudi, kwa sababu niliweka sahihi, na wale wazee wananingoja kuogeshwa. Mkataba ukiisha, narudi nyumbani. Kaka aliangalia miguu yake. Senge alisema tu, "Basi maliza, uje."

Mama Shikuku amekubali kunishikia kibanda chako mpaka nirudi. Anaweka viazi pale kwa sasa, ili mwingine asikichukue.

Mama, nakuahidi karatasi ya mkataba wa pili sitaitia sahihi, hata wakiniongezea. Nitakula nimekaa. Nikiwa mgonjwa nitamwambia Senge, sitauachia uso wangu useme kwa niaba yangu.

Pumzika sasa. Wewe umemaliza kazi yako. Mimi nimebakiza kidogo.

Mwanao,
Ayuma