Timu Uliyompa Mtu Akuchungie

Baba,

Mwadila, nakusalimu kama kwetu. Nakuandikia nikiwa nimechefukwa, na sioni sababu ya kukuficha. Jumamosi alikuja nyumbani yule mfadhili wako wa timu. Alikula wali wangu na sato wa Lamadi, akanawa mikono, ndipo akasema kilichomleta: wanachapisha kitabu cha historia ya klabu, anataka ile picha ya kikosi cha kwanza.

Unaikumbuka. Umechuchumaa pembeni, mpira mapajani, mabuti yana tope kwa sababu ulitoka shambani moja kwa moja. Jezi zilikuwa za kuchangishana, nyekundu zote isipokuwa ya kipa, ambayo mama aliikata kwenye pazia letu. Timu mkaiita Buluba, pamba kwa Kisukuma, maana wote mlikuwa wakulima wa pamba na hamkutaka kuhangaika na jina. Nyavu za magoli mliomba kwa wavuvi wa Lamadi, zikanuka dagaa mpaka makipa wa ugenini wakalalamika kwa mwamuzi. Kila Jumapili baada ya misa mimi ndiye niliyeloweka zile jezi, nikikulaumu kimoyomoyo.

Buluba ikapanda daraja moja baada ya jingine hadi Ligi Kuu. Siku tuliyowafunga wale wa Dar es Salaam ulikaa chini palepale kwenye mstari wa pembeni ukalia, nami nikaona haya, nikajifanya sikujui. Natamani ningekaa nawe.

Kisha akaja yeye na basi lake. Timu ilihitaji nauli na mishahara, ninyi mlikuwa na pamba tu. Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa halmashauri, nikakwambia mwandikishane mkataba. Ukacheka.

"Ng'wanawane, mwanangu, ng'ombe ukimpa mtu akuchungie mnaandikishana? Maziwa anywe. Ndama ni wangu. Akifa, aniletee ngozi niione."

Ukamkabidhi cheti cha usajili na muhuri mbele ya wanachama, kwa neno la mdomo tu, kama babu alivyokuwa akigawa mifugo kwa majirani kule Lalago. Naye akaitikia kwa heshima zote, "Nimepokea, mzee. Nitachunga." Nilijua mtu yule hajawahi kuchunga hata kuku. Nikapiga makofi pamoja na wengine. Hilo linanitia kinyaa kuliko yote, kwa sababu ni langu.

Hukumaliza mwaka kaburini, akaihamishia klabu mkoa mwingine, kwenye biashara zake. Wakabadili rangi, wakaipa jina la mnyama ambaye huku kwetu hata kwenye hadithi hayupo. Uwanja wetu sasa unalishiwa mbuzi. Nilinyamaza, nikajiambia mwenye nguvu mpishe.

Lakini Jumamosi alinionyesha kurasa za hicho kitabu. Imeandikwa kwamba yeye ndiye mwanzilishi. Wewe utatajwa chini ya picha kuwa mmoja wa mashabiki wa mwanzo. Shabiki, Baba. Niliichukua sahani yake yenye wali uliobaki, nikaiondoa mezani.

"Si ulipewa uchunge?" nikamuuliza.

"Dada yangu, mzee alinipa kwa hiari yake. Hayo mengine ni mambo ya vijijini. Mpira wa sasa ni biashara."

"Sawa. Buluba imekufa. Naomba ngozi."

Hakuelewa. Nikamweleza kwamba nataka ule muhuri wenu.

"Aa, ule? Ulitupwa tulipohama ofisi," akasema, huku akichokonoa meno.

Hata mwizi wa mifugo huacha ngozi porini. Nikasimama, nikamfungulia mlango, na sikumsindikiza.

Alipoondoka niliitoa picha kwenye sanduku la mama. Miaka yote nimeitazama upande mmoja. Safari hii nikaigeuza. Nyuma uliandika kwa penseli majina ya wachezaji wote, kisha la mama, "katoa pazia," na mwisho kabisa langu, "mfua jezi." Sikujua kwamba ulinihesabu.

Ngozi iliyobaki ni hii, Baba. Haitoki humu ndani.

Pumzika.

Binti yako,
mfua jezi