Mabega ya Baba

Simpani, Lamjung
20 Novemba 1987

Baba Suntali,

Pokea salamu zangu, za Suntali, za mama, hata za yule nyati wako mwenye pembe iliyopinda. Hali yako? Kile kikohozi cha Bombay kimekuachia? Huku miili haijambo, ila moyo ndo hauko sawa. Baba ametutoka.

Hakuugua hata kidogo. Asubuhi alikuwa anarudishia jiwe lililochomoka kwenye ngazi zake za kwenda chemchemi. Si unamjua, umri ule na bado anagombana na mawe. Mke wa Purna akapita na mtungi, akamwambia, "Babu, kapumzike, vita viliisha zamani." Akajibiwa, "Viliisha kwako. Hili jiwe bado halijasalimu amri." Kurudi na maji, kamkuta kalikumbatia jiwe lake, kimya. Mzee aliyetoka Burma na sikio moja bovu tu, kaja kufia kwenye ngazi!

Tumemzika. Watu walijaa, hata wale wa ng'ambo ya mto waliotununia tangu kesi ya malisho. Na walikula kuliko wenye msiba.

Sasa imebaki pai, ya kuisindikiza roho yake kwa mababu. Klepri wetu, yule anayewaimbia wafu njia, kasema tufanye Januari. Na unajua bila mkwe pai haianzi, na mkwe ni wewe peke yako, maana baba alinizaa mimi tu. Wewe ndo wa kusuka sanamu ya mianzi, tuivishe koti lake la jeshi, roho iingie humo, tumuage.

Unakumbuka alivyokusimamisha uani, pombe ya ulezi imemkolea? "Mkwe, nipime nikiwa hai, nikifa nitasinyaa." Ukampima mabega kwa mkono wako, kiwiko mpaka ncha za vidole, na viganja viwili juu yake. Akacheka mpaka akakohoa: "Mabega haya yamebeba bunduki na ngazi nzima ya kijiji. Ukinifanya kama kuku aliyenyeshewa, siingii!"

Basi kipimo unacho wewe, mkononi mwako. Njoo.

Mama Suntali


Bombay
28 Desemba 1987

Mama Suntali,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kikohozi kipo kipo. Nimemlilia mzee. Aliniita mvivu mbele za watu, lakini kujenga ukuta nilifundishwa na yeye. Hapa getini walinzi wote tunaitwa Bahadur, tajiri hajui hata nani ni nani, ila ukiomba ruhusa ndo anakujua. Ahirisheni mpaka Machi. Nakuja, usiwe na wasiwasi.

Baba Suntali


Simpani
2 Machi 1988

Baba Suntali,

Salamu tele, na kikohozi hicho chemsha tangawizi, usiwe mbishi. Sisi tupo. Suntali karefuka, sketi ya shule imekuwa ya kuchekesha. Nyati kazaa. Mke wa Purna kagombana na mama mkwe wake kwa ajili ya ungo, kijiji kizima tulipanda ukutani kusikiliza.

Tumeahirisha kama ulivyosema. Lakini mama, Baba Suntali, mama ananitisha. Kila jioni anamwekea baba sahani yake mlangoni, ugali wa ulezi na majani ya haradali, na mwenyewe hali. Anasema baba kasimama pale nje, haingii wala haendi, anasubiri afunguliwe njia. Nami usiku nasikia kikohozi. Nilidhani ni mbuzi, ila mbuzi tuliwauza.

Namuwaza sana. Karudi kutoka vitani, wenzake wakakaa uani kuhadithia, yeye siku ya pili tu kashika sururu, kapasua mteremko uliokuwa na upupu mtupu, leo ndo shamba linalotulisha. Zile ngazi alizijenga mpaka kucha zikamtoka. Mtu kama huyo, hajawahi kukaa bure hata mchana mmoja, leo tumemsimamisha mlangoni kama ombaomba.

Klepri anasema mwisho ni Aprili. Mvua ikianza, mahindi yakianza, hapati tena nafasi. Purna ananicheka chemchemini: "Shemeji, mumeo kapotea au kapatikana?" Maana Kharka karudi kutoka huko, anasema alikuona sokoni na mwanamke, umebeba mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Kharka, macho yako na pombe yako havijawahi kuelewana. Huyo ni mtoto wa jirani." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Ni mtoto wa jirani, siyo?

Kama kuja umeshindwa kabisa, pima mkono wako kwa uzi, uutie kwenye bahasha. Uzi tu.

Mama Suntali


Bombay
30 Machi 1988

Mama Suntali,

Salamu. Mimi mzima. Mwenye jengo anamwoza binti yake, ruhusa hakuna. Purna ni wa ukoo wangu, mila inaruhusu, asimame yeye. Uzi nitautuma na barua ijayo.

Baba Suntali


Simpani
2 Mei 1988

Narjang,

Hali yako sikuulizi. Barua yako niliikung'uta kutafuta uzi kabla ya kuisoma. Halafu kila aliyepanda kutoka posta nilimkimbilia, mpaka wakaanza kunikwepa.

Pai tumefanya. Purna kasimama, na simlaumu, kajitahidi. Ila mkono wake mfupi, unamjua. Nikamwambia ongeza, akasema, "Niongeze kiasi gani, shemeji?" Nikaonyesha hewani kwa mikono, hivi, hapana, hivi. Nimeishi na mabega yale maisha yangu yote na sikuweza kuyaonyesha.

Tukamvisha koti. Likaning'inia. Mianzi miembamba ndani ya koti la sajini. Katikati ya wimbo likateleza, medali zikagonga chini, na wale wa ng'ambo ya mto wakacheka. Mama akaliokota, akalipangusa, hakulirudisha. Sanamu ikaenda vile vile, uchi.

Klepri anasema kazi imeisha, mzee kafika. Nikashukuru. Jioni mama akaosha sahani ya baba, nikajua leo anaiweka kabatini. Akaijaza ugali, akaenda nayo mlangoni.

"Mama, si tumemsindikiza?"

"Tumesindikiza kuku aliyenyeshewa," kasema. "Yeye kakataa kuingia. Si alisema?"

Ndilo neno la mwisho kulisema. Tangu siku ile hasemi. Kondoo wa kuchinja ili turudie pai hakuna, mvua imeanza, na klepri kashika jembe. Mama sasa hawezi kuinuka. Sahani naiweka mimi.

Jasmati, binti wa Hastabir