Mwalimu Joram Githae: Mikono Mfukoni

Mwaka mzima umeisha, Baba Ndung'u, na mkeo Rachael bado hajakubali. Ijumaa ile ya Juni 1996 uliondoka hapa Kamenu ukiwa mzima, vikombe viwili vya chai umemaliza, ukilalamika sukari ni kidogo. Saa nane mchana mwalimu mkuu wa shule yako akaja kutoka Ruiru kusema umeanguka mbele ya ubao, chaki mkononi, na umefariki. Rachael alimwambia amekosea nyumba. Haki, alimwambia hivyo, akarudi kuanua nguo.

Ulikuwa mpole lakini mgumu. Wanafunzi wako wa klabu ya roboti walikuwa wakitafuta mota za waipa za magari kwa mafundi wa mtaa wa Landless, na kazi ikiwashinda, unatia mikono mfukoni usije ukawasaidia. "Shida mtaiona wenyewe," ulikuwa ukisema. Hata redio ya nyumbani ulikataa kuigusa. Binti yako Magdalene aliitengeneza akiwa darasa la sita, nawe umesimama tu nyuma yake.

Wiki yako ya mwisho, roboti yao ya mabati ilikataa kugeuka kushoto. Ukacheka, mikono mfukoni. Baada ya mazishi, Kagwe na Wayua, viongozi wa klabu, waliifunika kwa gunia wakasema jibu umeenda nalo. Miezi saba hakuna aliyeigusa.

Januari, Rachael alikuwa akikagua koti lako la kahawia ampe ndugu yako Waweru. Mfukoni akapata kijitabu. Ukurasa wa mwisho, Alhamisi: "Roboti haigeuki kushoto. Nimefikiria wiki nzima. Kesho niwaambie kwamba hata mimi sijui."

Rachael aliketi chini sakafuni. Miaka kumi na minane ya ndoa, na siku zote alidhani mikono ile imeshikilia majibu.

Siku hiyo hiyo alienda Ruiru akawasomea wanafunzi wako. Wayua alilia. Kagwe akauliza, "Hata Mwalimu?" Halafu akaenda kutoa gunia.

Iliwachukua wiki tano kuitengeneza. Kwenye kongamano la sayansi ilikwama kwanza mbele ya majaji, na Rachael, amevaa koti lako, akatia mikono mfukoni. Kagwe akakaza waya mmoja. Ikageuka kushoto.

Unakumbukwa na mkeo Rachael, watoto wako Ndung'u na Magdalene, na Waweru, ambaye koti hajapewa mpaka leo.

Kwa nini ukaondoka hivyo, Mwalimu, hata sisi hatujui. Kukukumbuka, tutakukumbuka siku zote.